Kufua tapi ya manyoya ya kondoo kwa mashini: mambo ya kuangalia mbele kuranti haiyakatika

Mashini ndogo za kufua tapi zinaingia katika nyumba za watu: ingine inatumwa na ndugu wa Ulaya, ingine jirani anaiazimisha siku ya usafi. Namna yake ya kutumika ni rahisi. Iko na tangi mbili, moja ya maji safi yenye sabuni, ingine ya maji machafu. Unabonyeza, maji yanarushwa ndani ya tapi. Unavuta mukono nyuma, mashini inanyonya yale maji pamoja na uchafu.

Watu wengi wanazani kurusha maji ndiyo kufua. Hapana, kufua ni kunyonya. Kwa tapi ya plastiki, ukiacha maji ndani, jua litamaliza kazi. Kwa tapi ya manyoya ya kondoo, ile tunaita sufu, maji yakibaki siku mbili yanaleta harufu, kuvu, na mara ingine doa ya rangi ya chai inayotoka chini kwenye kamba za juti na kupanda juu. Sasa muwaze kuranti inakatika wakati tapi yote imelowa na mashini haiyanyonya kitu. Hiyo ndiyo shida yetu kubwa huku, kuliko hata uchafu wenyewe.

Ni sufu kweli?

Tapi nyingi za sokoni ni za plastiki, hata kama muuzaji anaapa. Kondoo wa kwetu huwa na nywele fupi, hawatoi sufu ya kufuma, kwa hiyo tapi ya sufu imetoka mbali, na bei yake inaonyesha. Kwa kujua, kata nyuzi mbili tatu pembeni, mahali haionekane, uzichome inje ya nyumba ukizishika na koleo. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake linavunjika mukononi. Plastiki inayeyuka na kubakia kipande kigumu kama shanga. Kama ni plastiki, haya mambo mengi ya hapa chini hayakuhusu: hata wale vijana wanaofua magari wanaweza kukusaidia vizuri. Kama ni sufu, usiwapelekee. Maji ya nguvu na sabuni ya unga ni adui zake.

Sababu ni hii: sufu ni nywele. Imetengenezwa na kitu kile kile cha nywele za mutu na kucha. Kila uzi uko na magamba madogo. Ukitia maji ya moto na kusugua kwa nguvu, magamba yanashikana na tapi inajikunja, haitarudi tena. Sabuni ya unga iko na ukali unaodhoofisha uzi, na zile zinazosema zinakula madoa ya damu na chakula zinaweza kula sufu pia. Javel ni mbaya kuliko zote. Asiyesadiki atie nyuzi kidogo za sufu ndani ya Javel isiyochanganywa na maji, aziache usiku: zitayeyuka.

Kwa hiyo mutumie sabuni ya maji iliyoandikwa kuwa ya sufu, ao, kama haipatikane, sabuni ya nywele kidogo sana, kijiko kimoja kwa lita tano. Hiyo ya nywele inatoa povu sana, na povu ikijaa katika tangi ya maji machafu inaweza kuingia ndani ya moteri. Kijiko cha vinegre katika ile tangi kinaipunguza. Maji yawe ya vuguvugu, yasipite digrii 30: ukitia mukono usisikie moto. Maji ya mvua ni mazuri kwa sufu. Maji ya Ziwa Kivu yako na chumvi nyingi za mawe na ukali fulani. Yanafaa, lakini kwa kusuuza mara ya mwisho mutafute ya mvua kama munayo.

Mbele ya maji, vumbi

Wakaaji wa Goma wanajua lile vumbi jeusi la volkano. Tangu milipuko ya Nyiragongo ya 2002 na 2021, na hata mbele yake, muji umejengwa juu ya lava, na mchanga wake ni kama vipande vya chupa. Unaingia chini ya nyuzi, na kila mutu akipita unazikata. Ukitia maji mbele ya kuutoa, unapata matope. Mupindue tapi, muipige kwa nyuma na fimbo laini, muitingishe, kisha mupige tena. Kazi hii inachosha, lakini sehemu kubwa ya uchafu inatokea hapa bila tone la maji.

Kiisha mupime rangi. Mulowanishe kitambaa cheupe na ile maji ya sabuni, mukikandamize dakika tano juu ya rangi nyekundu, na juu ya bleu. Kitambaa kikipata rangi, mashini ibaki pembeni. Hiyo tapi inapanguswa tu na kitambaa chenye unyevu.

Mètre moja kwa moja

Sasa kuranti. Musilowanishe tapi nzima. Mugawanye kwa vipande vya mètre moja kila upande: kurusha maji mara moja, kunyonya mara tatu bila kubonyeza, mpaka muone ndani ya mudomo wa mashini hakupite tena maji. Ndipo mwende kipande kingine. Umeme ukikatika, mètre moja tu ndiyo imelowa, na hiyo munaweza kuiokoa kwa kuweka taulo kavu juu na kukanyaga, kubadilisha taulo, kukanyaga tena. Brosi inayozunguka muizime, inavuruga sufu. Kama munatumia grupe, musome Wati zilizoandikwa chini ya mashini, na grupe iwe na nguvu kuzipita, juu moteri inavuta zaidi wakati wa kuwaka. Prizi na ralonji zikae mbali na maji, na anayeshika mashini avae viatu vikavu.

Kipande kikiisha kufuliwa, mupitishe maji safi bila sabuni. Sabuni ikibaki, vumbi litashika upesi kuliko mwanzo.

Kukausha

Sufu inadanganya mukono. Inaweza kubeba maji karibu na sehemu moja kwa tatu ya uzito wake na ukaigusa ukasema imekauka. Mugeuze, muguse chini. Muanze asubuhi, vizuri zaidi katika kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Musitundike tapi nzito juu ya kamba moja, itavutika. Muilaze juu ya banko mbili ao vijiti vingi, hewa ipite chini, kivulini penye upepo. Ndani ya nyumba, mufungue madirisha pande mbili. Isirudi saloni mbele ya kukauka kabisa, hata kama wageni wanafika jioni.

Maji machafu yamwagwe mbali na kisima na mbali na ziwa. Tangi zote mbili zisuuzwe na zibaki wazi usiku, ili mashini yenyewe isianze kunuka.