Stesheni Iliyozaa Mji

Msomaji, ukipata nafasi siku moja, amka alfajiri uende katika Stesheni Kuu ya Nairobi, usimame kando ya reli kabla ya saa mbili ya asubuhi. Utaona magari ya moshi yakiwasili kutoka Ruiru, Embakasi na Syokimau. Milango itafunguka, na watu watamiminika: makarani, waashi, wauguzi, wachuuzi, na wanafunzi kama wewe. Kila mmoja ana haraka yake, na ni nadra kumwona atazamaye chini kwenye mataruma. Mimi nakusihi uyatazame, kwa maana hapo ndipo ilipoanzia historia ya mji huu.

Aghalabu twadhani kwamba mji hutangulia, kisha stesheni hujengwa ili kuwahudumia wakazi wake. Nairobi mambo yalikuwa kinyume. Hapa palikuwa nyika tambarare yenye kinamasi, ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Na jina lenyewe latokana na maneno ya lugha yao yenye maana ya maji baridi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika hapa mwishoni mwa Mei 1899, baada ya safari ya yapata maili 330.

Kwa nini wahandisi walituama hapa? Mbele yao palikuwa na mlima. Njia ilipaswa kupanda Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kisha iteremke katika Bonde la Ufa. Kabla ya kupanda walihitaji uwanja sawa wa kuweka karakana, maghala na njia za kupangia mabehewa. Tena walihitaji maji ya injini. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na serikali ikafuata. Mwaka huo huo wa 1899 John Ainsworth alihamisha ofisi za Mkoa wa Ukamba kutoka Machakos, na miaka michache baadaye Nairobi ikawa makao makuu ya nchi nzima. Lakini mahali palipoifaa injini hapakuwafaa sana wanadamu. Mwaka 1902 tauni ilizuka, hata soko la Wahindi likateketezwa kwa moto ili kuizuia.

Sasa tujiulize ni nani walioilaza reli hiyo. Vibarua yapata 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi, na baadhi kwa kuliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Waafrika nao walifyeka vichaka na kubeba mizigo. Na hesabu hiyo ya wafu niliyoitaja ni ya Wahindi peke yao. Jambo hili likufunze, msomaji, kuuliza kila uonapo hesabu: ni nani aliyehesabiwa, na ni nani aliyeachwa?

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu stesheni hapo. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, je, reli hii ilijengwa kwa ajili yetu?" Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa zito. Kisha nikamjibu kwamba la, haikujengwa kwa ajili yetu. Waingereza waliijenga ili wafike Uganda, nayo ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ndiyo iliyowaleta walowezi waliochukua ardhi ya nyanda za juu. Mwafrika aliposafiri, kwa kawaida alipanda daraja la tatu. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika hakuweza kutembea mjini bila kipande.

Hata hivyo, hadithi haikukomea hapo. Watu waliokuja kuitumikia reli walikaa pamoja katika nyumba za wafanyakazi huko Muthurwa, Mluo kwa Mkamba, Mkikuyu kwa Mluhya. Walijifunza kwamba mshahara mdogo hauna kabila. Vyama vya wafanyakazi vikakua, na mwaka 1959 Waafrika wa reli waligoma kudai haki zao. Reli iliyojengwa ili nchi itawaliwe ikawa pia shule ya watu waliokataa kutawaliwa.

Leo twaliita bado gari la moshi, ingawa moshi wa makaa umekwisha zamani. Mwaka 2012 stesheni ya Syokimau ilifunguliwa kwa ajili ya abiria wa kila siku, na mwaka 2017 reli mpya na pana kutoka Mombasa ikafika huko. Abiria wake washukapo, wengi humalizia safari kwa reli ile ile nyembamba ya zamani hadi katikati ya mji.

Basi, yule kijana nilimwambia neno moja zaidi, nami nakuachia wewe pia. Chombo hakichagui mwenyewe kitakachomtumikia. Wanadamu ndio wachaguao. Waliolaza mataruma hayo hawakuulizwa reli iende wapi. Wewe utaulizwa. Jifunze, ili siku hiyo uwe na jibu.