Feleji ya Dameski: Jina Moja, Vyuma Viwili

Mfasiri wa orodha za visu akikuta "chuma cha Dameski" hana budi kuuliza kwanza ni kipi. Cha kale kiliyeyushwa vyunguni huko India ya kusini na Sri Lanka. Kaboni yake ilikaribia asilimia 1.5, na mawimbi yake yalitokana na chembe ngumu zilizojipanga kilipofuliwa. Al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, ataja chuma cha Sofala kilichopelekwa India kufuliwa panga. Pwani hii, basi, haikuwa ngeni katika biashara hiyo. Hicho twapendekeza kiitwe feleji, neno ambalo wazee walikwisha kutuachia katika "upanga wa feleji".

Cha leo, kilichovuma tangu William Moran alipokionyesha Marekani mwaka 1973, ni matabaka ya pua mbili yaliyounganishwa kwa moto na nyundo. Tukiite pua ya matabaka. Mawimbi yake hudhihirishwa kwa asidi, wala hayathibitishi ukali; mnunuzi na aulize ni pua zipi, na zilipashwa moto na kupozwa vipi. Mawimbi yakifutika kwa msasa, yasirudi hata kwa asidi, yalichorwa juu tu.