Mafua Yanapomkuta Mwenye Sukari

Askari na wapagazi wa Jenerali von Lettow-Vorbeck walisalimu amri kule Abercorn tarehe 25 Novemba, 1918. Askari wake Waafrika walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapanda treni mpaka Tabora, na huko kambini mafua makali ya dunia yakawakuta. Inyonga, nchi ya Wakonongo na ya asali, iko kusini mwa reli hiyo.

Mafua yale yaliua hasa vijana wa miaka 20 hadi 40. Wenye ugonjwa wa sukari hawakutajwa sana, na sababu yake ni ya kusikitisha. Sindano ya insulini ilianza kutumika mjini Toronto, Kanada, mwezi Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto aliyepata sukari alikufa hata bila mafua.

Mambo yalibadilika baadaye. Baada ya mafua ya mwaka 1957, Marekani iliwaweka wenye kisukari, mwaka 1960, miongoni mwa watu wa kuchanjwa kila mwaka. Sukari inapozidi katika damu, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu hulegea. Homa nayo huupandisha mwili sukari hata kama mgonjwa hajala kitu. Ndiyo maana ni hatari kuacha sindano kwa kuwa mgonjwa amekataa uji, kosa ambalo ndugu wengi hulifanya kwa huruma. (Asali yetu isisingiziwe peke yake, unene na urithi vimo pia.)

Ikaja korona. Uingereza, kati ya Machi na Mei 2020, mtu 1 kati ya kila 3 waliofia hospitalini kwa ugonjwa huo alikuwa na kisukari.

Je, haya yanatuhusu? Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 ulipata chini ya mtu 1 mwenye sukari kwa kila watu wazima 100. Ule wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulipata 9, kwa wenye miaka 25 hadi 64. Wengi wao hawakuwa wanajua. Chanjo ya korona ilipozinduliwa nchini Julai 2021, wenye maradhi ya kudumu kama kisukari walipewa nafasi ya mbele. Mkulima wa tumbaku ambaye hajawahi kupimwa damu wala mkojo hangeweza kujua kwamba nafasi ile ilikuwa yake.