Lazy Bones!!: Santuri ya Roki ya Zambia Iliyochelewa Kusikilizwa

Wasafiri wa Ujiji na Kigoma waliopanda meli ya MV Liemba kuelekea kusini walishukia Mpulungu, bandari ya Zambia iliyoko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na ni katika nchi hiyo jirani ambako miaka ya 1970 ulizaliwa mtindo wa roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme, uliokuja kuitwa Zamrock. Miongoni mwa santuri zake ni Lazy Bones!! ya kundi la WITCH, iliyotoka mwaka 1975, ambayo mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alipewa lakabu ya Jagari kutokana na Mick Jagger wa Uingereza.

Mwanzo wa Zamrock ulikuwa wa neema, kwa kuwa shaba ilileta fedha, na Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, jambo lililowasukuma vijana kutunga badala ya kukariri nyimbo za wageni. Bei ya shaba ilipoporomoka, soko la santuri lilidhoofika, kaseti za kurudufu zikalimaliza, na wasikilizaji wakahamia disko na kalindula, mtindo wa dansi wa nyumbani. Roki, iliyoimbwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, ikabaki ikionekana uigaji uliopitwa na wakati. UKIMWI nao uliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho.

Sifa zilirudi kutoka ughaibuni, pale wakusanyaji wa santuri walipoanza kuzisaka, na kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazitoa upya kazi za WITCH mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wengi wa wasifiaji hao wameshikilia mno mkwaruzo wa gitaa, yaani sauti iliyokusudiwa kukoroma kwa kupitishwa kwenye kifaa cha umeme, kana kwamba uzuri wa santuri hii ni ukali wake tu. Hoja hiyo inawapunja watunzi, maana kinachoibeba Lazy Bones!! ni jinsi gitaa la solo la Chris Mbewe linavyojibizana na gitaa la rithim la John Muma bila haraka, huku ngoma zikiacha nafasi ambazo bendi nyingi za wakati huo zingezijaza kelele.

Jagari, ambaye baada ya kuacha muziki alifundisha na kuchimba vito, alirejea jukwaani Ulaya akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka.