Pendwa, Mapenzi, Mahaba

Anayetafuta kitabu cha mapenzi kwenye vibanda vya inama, vya vitabu vya mitumba, mjini Nakuru hahitaji istilahi yoyote. Anauliza kama kuna Mills & Boon, muuzaji anamwonyesha rundo, wanapatana bei. Jina la kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon limekuwa jina la aina nzima ya vitabu. Shida inaanza pale msomaji huyo anapotaka kumpendekezea mwenzake kitabu hicho kwa Kiswahili.

Wengi hukimbilia "riwaya pendwa", na hapo ndipo wanapoteleza. Pendwa ni kauli ya kutendwa: kinachopendwa ni kitabu chenyewe, wala si msichana aliyemo kitabuni. Fasihi pendwa ni maandishi ya burudani yanayosomwa na umma, yawe ya upelelezi, ya ujambazi, ya vitisho au ya mapenzi. Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba katika Kikosi cha Kisasi, ni mkazi halali wa riwaya pendwa hata asipombusu mtu. After 4.30 cha David Maillu, cha mwaka 1974, nacho ni pendwa, ingawa kilichomo si mahaba bali ni maofisa na makarani wao baada ya saa za kazi.

Vyuoni kuna mtego wa pili: ulimbwende. Hilo ni jina la mkondo wa washairi akina Wordsworth, wenye kutukuza hisia na maumbile. Mwanafunzi anayetafsiri kwa pupa huchanganya mkondo huo na kitabu chenye jalada la mwanamume aliyefungua vifungo vya shati.

Zinabaki istilahi mbili. "Riwaya ya mapenzi" ndiyo inayosemwa na watu, nami sina ugomvi nayo, ila mapenzi ni neno pana mno: kuna mapenzi ya mama kwa mwana, na tukisema mapenzi ya Mungu tunamaanisha matakwa yake. Mahaba hayana nafasi hiyo ya kutangatanga. Ni ya wawili wanaotamaniana. Kwa hiyo naandika riwaya ya mahaba.

Jina likishapatikana, lipewe mipaka. Chama cha waandishi wa mahaba cha Marekani, Romance Writers of America, kiliweka masharti mawili: penzi liwe ndio mhimili wa hadithi, na mwisho uridhishe na kuleta matumaini. Tuyapime kwa kisa kinachojulikana na kila mtu Nakuru. Huko Ngata, Lord Maurice Egerton alijenga kasri la mawe kuanzia mwaka 1938 hadi 1954. Inasimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba hata kasri halikumleta. Egerton alifariki mwaka 1958 bila kuoa. Penzi ni mhimili, sawa, mwisho haumo. Kwa kipimo hicho kisa cha Ngata ni tanzia, na bado maharusi huenda kupigia picha pale. (Sijui kama wanaulizia historia kwanza.)

Kipimo hichohicho kinazitikisa riwaya zetu tukufu. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, ina Bahati, Idi na tajiri Mwinyi, lakini tamaa ya mali inalila penzi. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inampa Kongowea mchumba mzuri, Vumilia, ila safari ya kijana huyo kutoka Tanga kuja Kenya ni ya kumtafuta baba. Nazipendekeza zote mbili kwa moyo mmoja, lakini aliyekuja kutafuta mahaba aambiwe mapema asije akarudi akilalamika.

Kwa wanaotaka mahaba yenye fantasia jibu langu ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952: jini, ndugu waliogeuzwa manyani, na binti Mwelekevu katika mji wa watu waliogeuka mawe. Hapo pia penzi limekaa pembeni, na wema ndio umekalia kiti. Neno fantasia lenyewe linadai msomaji asiyeamini. Ukimpa kitabu cha majini mtu aliyekulia karibu na kreta ya Menengai, akiambiwa tangu utotoni kwamba mizimu hupoteza watu humo, huenda akakisoma kama habari.

Hadithi za mahaba za "holiday" nazo hulazimika kugawanyika zikiingia Kiswahili, kwa kuwa sisi tuna sikukuu na tuna likizo. Mahaba ya likizo ni kama kile kisa cha kweli alichokiandika Mswisi Corinne Hofmann mwaka 1998, aliyekuja Mombasa kutembea na akaishia Barsaloi kwa mume Msamburu. Mahaba ya sikukuu yanataka Krismasi, Idi au Siku ya Wapendanao. Hiyo ya mwisho ina karakana yake Naivasha, kwenye mashamba ya waridi linalopelekwa Ulaya. Mwandishi atakayeiweka riwaya yake huko atapaswa kuwatafutia wapenzi wake nafasi ya kuonana, maana siku za kuelekea tarehe 14 Februari ndipo wafanyakazi wa maua wanapopigishwa ovataimu.