Taarikhi ya Mgao wa Mikatizo

Kadi ya mtandao iliyopokea data, au diski iliyokwisha kusoma, haingoji kuulizwa, bali hupiga hodi kwa ishara iitwayo mkatizo. Na prosesa, hata ikiwa imezama katika hesabu nzito, sharti iweke kando shughuli yake, iitikie hodi ile, kisha irejee pale ilipoachia. Katika IBM PC ya mwaka 1981 jambo hili halikuwa na tashwishi, kwani prosesa ilikuwa moja, na chipu moja ya 8259A, yenye njia 8, ilitosha kuipanga mikatizo yote kwa daraja zake.

Tashwishi ilizuka prosesa zilipokuwa nyingi: nani aitikie? Linux 2.0, iliyotoka Juni 1996, ilikuwa toleo thabiti la kwanza la kiini hicho cha mfumo wa uendeshaji kutumia prosesa zaidi ya moja, lakini kufuli moja kubwa lilikilinda kiini chote, hata prosesa mbili zisiweze kufanya kazi humo kwa wakati mmoja. Dhara yake ilidhihirika mwaka 1999, kampuni ya Mindcraft ilipoishindanisha Linux na Windows NT, kwa gharama ya Microsoft, juu ya seva yenye prosesa 4 na kadi 4 za mtandao. Upande wa Windows kila kadi ilifungamanishwa na prosesa yake, na Linux ikashindwa. Watetezi wake walilalamika, jaribio likarudiwa, ikashindwa tena.

Fadhila ya mafundi wa Linux ni kwamba, baada ya malalamiko, walishika kazi. Toleo la 2.4, la Januari 2001, lililegeza kufuli katika njia za mtandao, likampa msimamizi faili la smp_affinity kwa kila mkatizo: akiandika humo 1, mkatizo huenda kwa prosesa ya kwanza, akiandika 4, huenda kwa ya tatu.

Wengi walidhani kwamba insafu ni kuzungusha mikatizo kwa zamu sawasawa. Lakini kila prosesa ina kumbukumbu yake ya karibu, na mkatizo unaohamahama huikuta kila mara kumbukumbu isiyo na habari zake, ikabidi zichotwe upya kutoka mbali. Kwa hiyo programu ya irqbalance, ifanyayo kazi nje ya kiini, hupima mizigo kila baada ya sekunde 10, na kuhamisha pale tu panapostahili. Nayo Linux 2.6.35, ya mwaka 2010, ilipokea kazi ya Tom Herbert wa Google, ambayo huzipeleka pakiti zote za muunganisho mmoja kwa prosesa moja, zisipotezane wala kupitana.

Hivyo taarikhi hii yatufunza kwamba uadilifu wa mgao haupimwi kwa usawa wa hesabu peke yake, bali kwa kuikabidhi kila kazi kwa yule aliye na habari zake, maadamu hajalemewa.