Anwani mpya za intaneti: Wasanifu wahesabu mitandao, si kompyuta

MAZOEA ya kubana anwani ndiyo kosa la kwanza la wengi wanaosanifu mtandao wa intaneti wa toleo la sita (IPv6). Mazoea hayo yalitokana na toleo la nne, lenye biti 32 na anwani zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Februari 2011, mamlaka ya dunia inayogawa anwani, IANA, iliyagawa mafungu yake ya mwisho ya toleo hilo kwa mashirika matano ya kanda, likiwamo AFRINIC la Afrika.

Toleo la sita lina biti 128. Kila anwani ina sehemu mbili: kiambishi, kinachotambulisha mtandao, na sehemu inayotambulisha kifaa. Urefu wa kiambishi huandikwa baada ya mkwaju. Kwa mfano, /64 maana yake ni kwamba biti 64 za mwanzo ni za mtandao.

Kwa mtandao mdogo wa kawaida, kama wa ghorofa moja ya ofisi, kipimo ni /64, uwe na vifaa vitano au elfu tano. Utaratibu unaowezesha simu au kompyuta kujiundia anwani huhitaji biti 64 za kifaa. Anayeweka /80 ili kuokoa anwani huuvuruga utaratibu huo.

Hivyo, swali la msingi ni idadi ya mitandao midogo itakayohitajika. Ofisi iliyopewa /64 moja haiwezi kutenga wageni na kompyuta za uhasibu bila kukiuka kipimo hicho. Kiambishi cha /56 hutoa mitandao midogo 256, na /48 hutoa 65,536.

Mwaka 2001, mwongozo wa IETF, chombo cha viwango vya intaneti, ulipendekeza /48 kwa wateja walio wengi. Mwongozo wa mwaka 2011 uliacha pendekezo hilo la jumla, lakini ukasisitiza kuwa mteja aweze kupata zaidi ya /64 moja.

Aidha, inashauriwa kukata viambishi kwa hatua za biti nne, yaani /48, /52 na /56. Kila tarakimu ya anwani hubeba biti nne, hivyo tawi au idara hutambulika kwa kuisoma anwani tu.

Hata hivyo, kiungo kati ya ruta mbili huweza kupewa /127, chenye anwani mbili tu. Hatua hiyo huzuia wahalifu kuijaza kumbukumbu ya ruta kwa kuulizia anwani zisizokuwapo.

Uamuzi huo hufaa ufanywe mapema, kwani kubadili viambishi baada ya mtandao kuanza kazi hulazimu kubadili anwani za vifaa vyote.